Kadi ya Vijiti Vinne

Matisi, Kitale
14 Januari 2025

Kwa Mjomba Wabwile,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umelala. Anti Rispah aliniambia kwenye simu kwamba sasa uji unapita bila kukukwaruza, na kwamba umeanza kumgombeza kwa kalamu. Nilicheka. Mgonjwa akianza kugombeza amepona nusu. Sisi huku ni wazima, ni baridi tu ya asubuhi, na mahindi ya mama kule Kwanza tumeshayapukuchua.

Ulisema tangu madaktari wakupasue koo na kukutoa sauti pale Eldoret hutaki ujumbe mfupi wa simu, ati unajiona kama ng'ombe anayepigiwa mluzi. Kwa hivyo nimechukua karatasi.

Nina shida, na ni shida ya kazi yako. Unajua nilimrekodi mama miaka mitatu, tangu alipoanza kuugua. Nilitumia kamera nzuri, ya picha nzito. Mashine niliyonunua, ile kubwa iliyokuwa ya wachoraji wa majengo Nairobi, ina nguvu, lakini diski zangu za zamani haziwezi kuilisha. Nikifungua rekodi, mama anafumbua mdomo kusema neno, halafu anakwama hapo hapo, mdomo wazi. Siwezi kumtazama hivyo.

Kibiwott, fundi ninayefanya naye video za harusi, anasema dawa ni kadi inayochomekwa ndani ya mashine na kubeba vijiti vinne vya SSD, zile hifadhi za kasi, kwa pamoja. Lakini ziko za kila namna, na ukikosea muuzaji harudishi. Nikamwambia, "Ngoja. Mjomba wangu alifundisha kompyuta chuo cha ufundi wakati wewe hujazaliwa." Akasema, "Sawa, lakini si alifundisha zile za floppy?" Msamehe, mdomo wake hauna breki.

Nataka filamu iwe tayari Agosti, tutakapomkumbuka mama mwaka mmoja pale Matulo. Labda nikimsikiliza vizuri nitaelewa. Hadi leo sijui kwa nini aliomba azikwe Matulo kwa kina baba, boma alilotoka na mimi mgongoni, ilhali shamba alilolinunua kwa jasho lake liko Kwanza. Lakini wewe ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema hilo ndilo neno aliloliacha kwako, na neno la kaka wa marehemu halipimwi.

Nichagulie kadi, mjomba.

Mpwa wako,
Nasike


Kanduyi, Bungoma
20 Januari 2025

Mwana wa dada yangu,

Mulembe nawe. Uji unapita, na jana ulifuatwa na ndizi iliyopondwa. Rispah anasema nimekuwa mume mwema tangu nipoteze sauti, kwa kuwa sasa anaweza kumaliza sentensi zake. Mwambie Kibiwott kwamba floppy zilikuwa na sifa moja kubwa: hakuna mwizi aliyezitaka.

Umenifurahisha. Nilidhani hakuna mtu atakayeniuliza tena swali ambalo jibu lake si "naumwa wapi."

Kadi hizi ni za aina mbili, na nje zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni waya tu. Ile nafasi ndefu ndani ya mashine ina njia kumi na sita za kupitisha habari, na kadi inataka kila kijiti kipate njia nne. Lakini haiwezi kuzigawa yenyewe. Inategemea bodi kuu ya mashine ikubali kugawa. Bodi isipokubali, unachomeka vijiti vinne na mashine inaona kimoja. Watu wametupa kadi nzima wakidhani imekufa. Ya pili ina chipu yake inayosimama katikati kama askari wa barabarani na kuelekeza kila gari. Hiyo hufanya kazi kwenye mashine karibu yoyote, ila ni ghali na hupata joto kama jiko, kwa hivyo feni ni lazima.

Usinunue mbio peke yake. Tazama vijiti vyenyewe. Viko vyenye ulinzi, ambavyo stima ikipotea ghafla humaliza kuandika vilichokuwa vikiandika kabla ya kuzima. Na stima ya Kitale tunaijua. Uchukue vipya, si vilivyotumika. Na hata ukinunua kilicho bora kuliko vyote, weka nakala ya pili mahali pengine, kwa mtu mwingine, ndani ya nyumba nyingine. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniigiza: "Kitu kilicho mahali pamoja tu, hakipo!" Waliniigiza vizuri, hata kikohozi.

Niambie bodi yako kama inagawa njia, rekodi zote zina uzito gani, na ni zipi unazohitaji kufungua kwanza. Nikijua hayo nitakuchagulia kama ninayejichagulia mwenyewe.

Mjomba wako,
Wabwile


Matisi, Kitale
2 Februari 2025

Kwa Mjomba,

Habari za tangu juzi? Na hiyo ndizi, je, imeendelea kufuatana na uji? Mimi nimeamka na mafua lakini si ya kuandikia barua.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Kibiwott. Aliposikia habari ya askari wa barabarani alisema, "Huyu mzee anajua, bana." Kwa Kibiwott hiyo ni shahada.

Bodi yangu inakubali kugawa njia, tumeangalia. Rekodi zote zinafika karibu terabaiti kumi na tano. Nyingi si zile nilizopiga mimi. Ni za kamera ya juu ya kabati, chumbani mwake Kwanza, wiki zile za mwisho nilipokuwa nikishinda kazini huku mjini. Nilimfundisha kuiwasha kwa rimoti ili akitaka kusema jambo asinisubiri. Aliipenda sana. Alikuwa akiigombeza ati haimjibu.

Hizo sijafungua hata moja, na ndizo ninazozitaka. Wiki uliyokuja kumwona imo pia. Aliniambia jioni ile, "Mimi na mjomba wako tumeongea mpaka kamera ikachoka." Nina hamu ya kuwaona mkicheka.

Mpwa wako,
Nasike


Kanduyi, Bungoma
3 Machi 2025

Mpendwa Nasike,

Mulembe. Usinilaumu kwa kukawia. Koo lilirudi kufanya fujo, na kuna siku nilishika kalamu nikaiweka chini.

Nimefikiri juu ya kadi yako. Chukua ile ya waya tu, maadamu bodi yako inagawa. Ile yenye chipu ni kulipia kitu usichokihitaji.

Vijiti vyako vinne, vya terabaiti nne kila kimoja, uviunganishe mashine ivione kama kimoja, kila picha ikatwe vipande na kumwagwa kwenye vyote vinne kwa mara moja. Hiyo ndiyo mbio unayoitafuta. Kibiwott pengine atataka uviweke kwa namna ya kioo, kila kitu kiandikwe mara mbili. Mwambie hesabu haikubali: ukifanya kioo utabaki na terabaiti nane tu, na nusu ya mama yako itabaki nje.

Vile vyenye ulinzi wa stima viache. Kuna muuzaji hapa Bungoma ana vilivyotumika kidogo kwenye mashine za kampuni, nimekuandikia nambari yake nyuma ya karatasi hii. Na ukishaunganisha, zihamishe rekodi, usizinakili. Diski za zamani zimechoka. Zisafishe uzitumie kwa kazi za harusi. Vitu viwili vinavyofanana huleta mkanganyiko.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Mjomba wako,
Wabwile


Matisi, Kitale
9 Aprili 2025

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Uko namna gani? Anti anasema umekonda, na kwamba humwambii unachofikiri. Kula, tafadhali. Huku mvua imefika na kila mtu yuko shambani na jembe au na deni la mbolea.

Kadi imekuja! Lakini kabla ya furaha nikuambie ugomvi. Kibiwott aliposoma maagizo yako alikuna kichwa. "Nasike, huyu si yule mzee wa barua ya kwanza."

"Ni yeye. Mwandiko huu hapa."

"Ya kwanza alisema vipya, hii anasema vilivyotumika. Ya kwanza nakala kwa nyumba nyingine, hii ati futa. Si unaona? Ukivifunga vinne hivi, kimoja kikianguka vyote vimeanguka. Hautapata robo tatu. Utapata sufuri."

Nikamwambia mjomba amefikiri mwezi mzima. Akapima vijiti, akaniita nione: cha tatu kimesomeka kimechakaa asilimia tisini na moja. "Hiki ni cha kuzikwa," alisema. Nilipiga simu nikatuma picha ya kipimo, Anti akakuonyesha, na ukaandika kwamba vipimo hivyo hutia chumvi. Nikamwambia Kibiwott kama hamwamini mjomba wangu basi haniamini mimi. Maneno yakawa mengi. Nilimwambia jambo moja baya, kwamba fundi wa kubandika vioo vya simu hawezi kumsahihisha mwalimu wa walimu wake. Alikusanya bisibisi zake. Sijamwona tangu hapo.

Nilimalizia mwenyewe kwa kufuata barua yako mstari kwa mstari, na sasa inaruka! Mama anaongea bila kukwama. Ananiita jina. Diski za zamani nimezisafisha na tayari zimebeba harusi mbili za Kwanza. Naanza mwanzo, mwaka wa kwanza, kwa utaratibu. Nilitaka kuruka nifike mwisho lakini moyo ulikataa.

Mpwa wako anayekushukuru,
Nasike


Kanduyi, Bungoma
17 Aprili 2025

Nasike,

Nimefurahi kwamba inafanya kazi. Mimi niko vile vile.

Ulivyofanya ni sawa. Anza mwanzo. Usikimbilie mwisho, mwisho utaumia. Mpe kila mwezi haki yake.

Mjomba wako,
Wabwile


Matisi, Kitale
11 Juni 2025

Mjomba,

Nisamehe sikuulizi hali leo.

Jumapili stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Nilipowasha mashine kile kijiti cha tatu hakikuonekana, na kwa kuwa hakikuonekana hicho, hakuna kilichoonekana. Nilibeba vyote vinne hadi Nairobi. Kijana wa kule alivitazama siku mbili akaniambia kwa upole kama daktari: "Dada, robo imekufa, na zilizobaki ni vipande vya maneno visivyo na sentensi." Akaniuliza nakala iko wapi.

Nilikuwa nimefika mwaka wa pili, mwezi wa tatu. Yaliyobaki sikuyaona. Sitayaona.

Nilimzika mara moja ukiwa kando yangu. Sasa nimemzika peke yangu, kwa mikono yangu.

Nasike wako


Kanduyi, Bungoma
16 Juni 2025

Mpwa wangu,

Pole. Pole sana. Rispah amelia aliposikia, na mimi nimekaa na barua yako mapajani tangu asubuhi.

Usijilaumu. Mashine ni mashine. Hata vile vya bei kali hufa. Usihangaike tena kuwalipa watu wa Nairobi. Kilichotawanyika hivyo hakikusanyiki. Mama yako hakuwa ndani ya vijiti vile. Yuko mahali alipotaka kuwa, amepumzika, na wewe pumzika.

Mjomba wako akupendaye,
Wabwile


Kanduyi, Bungoma
2 Septemba 2025

Nasike,

Agosti imepita na hukuandika, wala hukuja Matulo kwenye kumbukumbu. Wamalwa, ndugu wa baba yako, aliuliza uko wapi. Nikaandika kwenye kibao changu, "Ana kazi." Uongo huandikika upesi.

Sikuulizi afya leo kwa sababu nitakayoandika yataiharibu. Yangu ni hii: daktari amemwambia Rispah jambo ambalo Rispah anajaribu kunificha kwa kunipikia vizuri kupita kiasi. Sina muda wa kuwa mwoga tena.

Siku ile Kwanza, mama yako aliniambia, "Wabwile, kaa. Ukisimama unakuwa mwalimu." Nikakaa kitandani. Akasema: "Nikifa, watakuja watu wa Matulo na maturubai yao. Usiwape. Nizike hapa, upande wa juu wa shamba, niwe naona mahindi yakichanua. Kule Matulo nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufufuka." Nikamuuliza kwa nini hakuambii wewe. "Nasike atalia, halafu atagombana nao, na hawatamsikia. Wewe watakusikia." Akanitaka niahidi. Nikaahidi. Akaelekeza kidole juu ya kabati akacheka. "Na huyu pia amesikia."

Alipofariki, Wamalwa alikuja kwangu kabla ya mazishi. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, dadako akilala Kwanza, maana yake hakuwa mke wetu. Na kama hakuwa mke wetu, ng'ombe wetu warudi. Sote tunajua walikokwenda." Nawe ujue, kwa kuwa mama yako Pauline hakukuambia: ng'ombe wa mahari waliomwoa hawakulala hata msimu mmoja katika boma la babu yako. Waliswagwa moja kwa moja hadi kwa kina Rispah. Kwa ng'ombe wa dada yangu ndipo nilipopata mke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, dada huolewa ili kaka aoe. Wamalwa hakuhitaji ng'ombe. Alichohitaji ni kusimama mbele ya watu wote walionijua, wanafunzi wangu, kanisa langu, aseme mke wa Mwalimu Wabwile anakaa kwake kwa mifugo ya watu. Niliona aibu ile ikinijia, nikamtupia mama yako ili nipite. Nilisimama kando ya jeneza, nikiwa bado na sauti, nikasema, "Dada yangu aliomba Matulo."

Ulipoandika Januari nilikujibu kwa moyo safi. Barua ile ya kwanza ni ya mjomba wako. Ulipotaja kamera ya juu ya kabati, nilikaa siku nyingi nikiangalia karatasi tupu. Halafu nikakuandikia ya pili.

Sikugusa mashine yako. Nilishauri tu. Nilikuchagulia vijiti vilivyochakaa kwa sababu vimechakaa. Nilikuambia uache ulinzi wa stima kwa sababu stima ya Kitale hukatika. Nilikufanya ufunge vinne kuwa kimoja kwa sababu kimoja kikifa vyote hufa. Nilikuambia ufute diski za zamani. Ungeweza kuziacha kabatini kama nakala, isingekugharimu kitu, na hilo nililijua kuliko fundi yeyote wa nchi hii. Kile kipimo cha kijiti cha tatu nilikiona. Kibiwott alisema kweli. Nilitumia kila kitu nilichowahi kufundisha, na nilikitumia kwako.

Kisha nikakuandikia pole.

Siombi unisamehe. Nimekuandikia ili maneno yake yawe mahali pengine zaidi ya kichwa changu.

Mjomba wako,
Wabwile


Matisi, Kitale
21 Septemba 2025

Mwalimu Wabwile,

Barua yako niliisoma mara moja. Sitairudia.

Unasema umeyaweka maneno yake mahali pengine. Umeyaweka wapi? Nilikuwa na mama mwenyewe, sura yake, kicheko chake, kidole chake akikielekeza juu. Uliua hiyo. Sasa ninacho mwandiko wako. Mwandiko ule ule ulioniambia futa. Nitajuaje kwamba hata haya si ya kwako? Labda umebuni mahindi ili ufe vizuri.

Nilimtukana Kibiwott kwa ajili yako. Nilimwambia neno ambalo mtu hamwambii mtu anayekula kwa mikono yake. Nimekwenda kumwomba msamaha. Alisema, "Sawa," akaendelea kufungua simu ya mteja. Hakurudi, na asirudi.

Nilikaa miezi mitatu nikiamini mimi ndiye niliyempoteza. Nilikuwa nikiwaambia watu, "Ni uzembe wangu." Wewe ulijua, na uliniandikia nipumzike.

Kama maneno yale ni yake, usiniambie mimi. Nenda Matulo. Uyaseme pale pale uliposimama, mbele ya Wamalwa na waliokuwepo. Usinijibu kwamba huna sauti. Ulikuwa nayo wakati ule.

Nasike


Kanduyi, Bungoma
6 Oktoba 2025

Nasike,

Nimekwenda.

Jumamosi Rispah alinivalisha koti la kanisani, ambalo sasa linanitosha mara mbili. Niliandika karatasi tatu nikampa asome, kwa kuwa mimi siwezi. Sikumwonyesha kabla. Huo nao ulikuwa woga. Niliogopa akijua atakataa kwenda.

Wamalwa alikuwa ameita wazee na majirani, akidhani ninakuja kuaga. Rispah alisimama akasoma kama anayesoma matangazo ya ibada. Alisoma ahadi. Alisoma uongo wangu. Alipofika kwenye ng'ombe alisita, akanitazama. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja na hakujua walikotoka. Nilidhani ataketi. Akasoma hadi mwisho.

Wamalwa akacheka kidogo. "Mwalimu, si ulisema mwenyewe? Sisi tulikushika mdomo? Ati leo ndiyo unakumbuka!" Kisha akawageukia watu. "Basi tuzungumze ng'ombe."

Rispah akakunja karatasi. "Kama ni ng'ombe, shemeji, mimi ndiye ng'ombe wenyewe. Niko hapa. Nihesabu."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Joan, mke wa Wamalwa, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, akasema, "Pauline aliniambia hata mimi, nilipompelekea kuku. Upande wa juu, aone mahindi. Nani wenu angenisikiliza?" Wamalwa akamwambia alete chai. Joan akaliweka sinia chini, pale pale kwenye nyasi, akaondoka.

Nimeandika yaliyotokea, si zaidi. Muulize Joan. Usinitegemee mimi.

Rispah hajasema nami tangu Jumamosi. Ananipikia.

Wabwile


Kwanza
8 Desemba 2025

Mzee Wabwile,

Natumaini unapata usingizi.

Nilimuuliza Joan. Sikumwambia ulichoandika, nilimwacha aseme. Alisema mahindi, alisema upande wa juu, alisema mgeni mpaka siku ya kufufuka. Sasa najua ni maneno ya mama.

Joan aliandika ushahidi wake, na wanawake wengine wawili wa Matulo wakatia sahihi. Wamalwa alikaa wiki mbili hatoki nje, kisha akatia yake. Sijui walimwambia nini jikoni. Kuhusu ng'ombe hajasema tena. Ombi la kibali cha kumhamisha mama liko mahakamani na wakili anasema halina mpinzani. Ataletwa hapa. Nimekwisha kupima mahali, na msimu ujao nitapanda mahindi hadi ukingoni mwa kaburi.

Unauliza kupitia kwa Anti kama nimekusamehe. Sijakusamehe. Nikikaa peke yangu nakumbuka ile barua ya Juni kuliko hata ile ya Machi. Ya Machi uliogopa. Ya Juni hukuwa na cha kuogopa tena, kila kitu kilikuwa kimekufa, na bado ulichagua kunidanganya.

Ukijaliwa kufika siku tutakapomzika hapa, gari litakuja Kanduyi kukuchukua, na utapewa mto na uji. Kaka wa marehemu hukaa mbele, karibu na jeneza, na hakuna anayesema kabla yake. Kiti hicho nimempa Anti Rispah, na amekubali. Joan atakaa kando yake. Wewe utakaa nyuma, na wageni.

Nasike,
binti Pauline